Inahitaji Matengenezo Kidogo

Dalali wa kwanza kulisoma tangazo langu aliniuliza kama nauza gari au natoa ushahidi mahakamani.

Nilikuwa nimeandika hivi: Land Rover 110 ya mwaka 1996, injini 300Tdi, dizeli. Injini nzima. Chesisi imeoza kwa nyuma, inahitaji kukatwa na kuchomelewa. Handbreki haishiki. Gurudumu la mbele kushoto linavuja oili kwa ndani. Mvua ikiwa kubwa paa linavuja, na maji yanamwangukia dereva kwenye goti la kulia. Milioni 24, maongezi yapo.

"Mama," akasema, huku akinirudishia simu kama mtu anayerudisha majibu ya hospitali, "hapa umeshaiua gari." Akaniandikia la kwake palepale, amesimama, kwa kidole gumba kimoja: LAND ROVER 110 TDI. MASHINE IMESIMAMA. HAIDAI HATA MIA. NI KUWEKA MAFUTA NA KUONDOKA. INAHITAJI MATENGENEZO KIDOGO SANA. NJOO NA FUNDI WAKO.

Nimekuwa nikiyasoma matangazo ya magari kwa miaka, hata nisipokuwa na nia ya kununua, jinsi watu wengine wanavyosoma kurasa za michezo. Lugha yake ina mambo. "Haidai" maana yake karatasi zimenyooka, lakini mwenye tangazo hutaka uelewe kwamba hata gari yenyewe haikudai kitu, na hapo ndipo pesa yako inapoliwa. "Injini haijaguswa" inasemwa kama sifa, wakati injini ya karibu miaka 30 ambayo haijaguswa ni muujiza au ni uzembe, na miujiza ni michache. "Njoo na fundi wako" ndiyo naipenda kuliko zote. Inasikika kama uungwana, kumbe muuzaji ananawa mikono: kasoro ambayo fundi wako hakuiona imeshakuwa yako na fundi wako.

Halafu kuna hiyo "kidogo". Kidogo cha nani? Mimi mwenyewe nimeendesha miaka mingi na kigogo cha mti chini ya kiti, cha kuwekea gurudumu nikisimama kwenye mwinuko. Kwangu handbreki mbovu ilikuwa kidogo, maana kigogo ninacho. Ukimwambia mtu anayekaa Njiro, mtaa wa hapa mjini, na gari ya kupelekea watoto shule kwamba kila akisimama mlimani ashuke aweke gogo, atakuona una wazimu.

Niliinunua mwaka 2007. Ilikuwa gari ya mradi wa maji, ikiwa na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, mradi ulipokwisha magari yakauzwa kwa zabuni. Nilikuwa na duka la dawa za mifugo hapa Arusha na nilishachoka kuwatumia watu dawa juu ya malori ya watu. Nikaanza kuzunguka minada mwenyewe: Terrat, Orkesumet, na vijiji vya katikati ambavyo njia yake unaijua kwa miti. Nilibeba dawa za kuogeshea, dawa za minyoo, mabomba ya kunyunyizia, na chumvi. Chumvi ndiyo ilikuwa inalipa nauli. Mifuko ya chumvi ya ng'ombe, safari kwa safari, nyuma kwenye bodi.

Sikufikiria lolote kuhusu chumvi mpaka ilipokuwa imeshafanya kazi yake.

Bodi ya Land Rover hizi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Walipoanza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndiyo wakatumia aluminiamu kwenye bodi, na mazoea yakabaki. Chesisi ni chuma. Kwa hiyo gari hizi huzeeka kwa namna ya ajabu: juu inang'aa, chini imekufa. Unakuta mtu anazunguka akigongagonga mlango, anasema "bodi haina kutu hata punje," na ni kweli haina, haiwezi kuwa nayo. Kutu iko pale asipoinama. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma, ukiongeza unyevu na chumvi, vinaanza kulana. Aluminiamu inatoa unga mweupe kama dawa ya kichwa iliyosagwa, inavimba, rangi inapasuka. Mfuko wangu ukitoboka kidogo, chumvi inashuka kwenye mshono, mvua inaiyeyusha, maji yake yanaishia kwenye lile boriti la mwisho la chesisi, linaloshika ndoano ya kuvutia. Miaka kumi na kitu.

Watu watatu waliokuja kuiangalia waliniuliza swali lilelile: "Hii gari ilikuwa Tanga?" Maana huku magari ya pwani yanaogopwa kwa kutu. Haijawahi kuiona bahari. Chumvi iliifuata hukuhuku.

Kwa nini niliiuza? Goti. Klachi ya 110 inasukumwa kama mlango wa ghala, na goti langu la kushoto lina umri wangu, miaka 56, ila linajifanya kubwa kuliko mimi. Biashara nayo imebadilika: siku hizi mteja ananipigia, namfungia boksi, linapanda basi la mchana, bodaboda analipokea stendi. Gari ilikuwa inakaa uani wiki nzima, kuku wakitaga chini yake.

Kabla ya tangazo nilikwenda kwa fundi wangu wa Unga Limited, anayeijua gari hii kuliko ninavyoijua mimi. Nikamuuliza nitengeneze kipi kwanza. Akanipa orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kweli: kukata boriti la nyuma na kuweka jipya, laki tisa na vifaa, sili za gia boksi ndogo na brekishu za handbreki, laki na themanini, sili za lile tufe la chuma linalogeuzia gurudumu la mbele, pande zote mbili, laki tatu na nusu. Ya pili aliisema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu. Ioshwe injini kwa dizeli na maji ya moto siku hiyohiyo mnunuzi anapokuja, ili uvujaji usionekane. Chesisi ipigwe rangi nyeusi nzito. Gia boksi iwekwe oili nzito, isilie. "Elfu themanini tu, mama, inatoka kama harusi."

Orodha ya pili niliikataa. Ya kwanza niliifikiria kwa siku mbili, nikapiga hesabu, nikaikataa pia, na hili nawashauri wenye magari ya aina hii walitafakari. Kuchomelea kupya kunamtisha mnunuzi kuliko kutu. Kutu anaiona, anaipima, anajua mwisho wake. Akiona chuma kipya na rangi mbichi anaanza kujiuliza kilichofunikwa ni nini, na anakata bei kwa kile anachokiwaza, ambacho siku zote ni kikubwa kuliko kilichopo. Laki tisa yangu isingerudi. Nilichofanya ni yale tu yanayomwezesha mtu kufika nayo kwake salama: nikabadilisha mpira wa breki uliokuwa umepasuka, nikanunua betri, nikarudisha taa ya nyuma. Basi. Mengine nikayaandika.

Handbreki niieleze, maana watu wengi walidhani naficha jambo. Kwenye Land Rover hii handbreki haishiki magurudumu. Kuna dramu yake nyuma ya gia boksi ndogo, inashika propela ya nyuma. Sili ya gia boksi ikichoka, oili inaingia kwenye dramu, brekishu zinalowa, na mshikio unaweza ukauvuta mpaka kwapani gari ikaendelea kuteremka taratibu kama inakwenda msibani. Ukibadilisha brekishu bila sili umetupa pesa.

Simu zikaanza. Na hapa nipumzike nilalamike kidogo.

"Naomba kuongea na mwenye gari."

"Unaongea naye."

"Hapana, namaanisha mzee."

Mzee mwenyewe, mume wangu, hajui kuendesha hata baiskeli. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa magazeti na redio. Akaja kijana mmoja kutoka Sakina na fundi wake, nikawaonyesha gari, nikafungua boneti, nikaeleza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na kila swali akaligeuzia barazani: "Mzee, oili inakula?" Mzee wangu alikuwa anachambua maharage. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Muulize mama, mimi napanda tu." Kijana akaona tunamtania, akaondoka. Mwingine alipiga akasema ameona kasoro zote nilizoandika, sasa anataka kujua ile kubwa ambayo sijaiandika. Nikamwambia hakuna. Akacheka kabisa. "Mama, mtu hawezi kutaja hizi zote kama hana nyingine anayoificha."

Nilikasirika sana kwa maneno yale. Nilikasirika kwa sababu ilikuwepo.

Gia boksi za gari hizi zina tabia: asubuhi, oili ikiwa ya baridi, gia ya pili inagoma. Unaisukuma, inakataa, ukilazimisha inasaga meno. Ukienda kilomita tatu nne oili ikapata moto, inaingia kama kisu kwenye siagi. Ni tabia inayojulikana, kwenye yangu imezidi kidogo. (Naona na mimi nimeandika kidogo.) Sikuiandika. Nilijiambia si ubovu, ni tabia, na nani anaandika tabia kwenye tangazo? Lakini kila mtu aliponiambia anakuja kuiona, nilikuwa naamka mapema, naiwasha, nazunguka nayo mpaka Kijenge na kurudi. Wakifika, gia ya pili ni siagi. Mume wangu aliliona hilo na hakusema kitu. Akinyamaza namna ile huwa amesema.

Bei nayo ilisumbua. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, kila mwenye mkweche nyuma ya nyumba anajiona ana dhahabu. Jirani yangu ana Land Rover 109 isiyo na injini, mti umeota ndani yake, na anaitajia bei ya kiwanja. Wanunuzi wakawa wananitajia mbili tofauti: wakitaka kuuza za kwao wanazitaja za tamasha, wakitaka kununua yangu wananiambia Land Rover zimepitwa na wakati, hata kiwanda chenyewe kiliacha kuitengeneza Januari 2016. Wote wana ukweli wao.

Wiki ya tano akaja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Simanjiro. Tangazo lilimfikia kwenye simu ya mdogo wake, tena lile langu la kwanza, si la dalali. Alikuja peke yake, bila fundi, na nyundo ndogo mfukoni na chaki. Aliniamkia vizuri kwa Kimaasai, akiniita yeyo, yaani mama: "Takwenya, yeyo." "Iko," nikaitika, maana miaka ya minadani si bure. Kisha hakuuliza chochote kwa dakika kumi. Aliizunguka gari jinsi wanavyomzunguka dume kwenye zizi, mara mbili, kwa mbali, halafu karibu.

Halafu akaweka kiganja juu ya boneti.

"Yeyo, asubuhi umetoka nayo wapi?"

"Sijatoka."

"Mbona ina moto?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Barazani mume wangu akakohoa, kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Yule mfanyabiashara hakukasirika. Aliondoa mkono, akaufuta kwenye shuka. "Nitarudi kesho saa kumi na mbili," akasema. "Iache ilale."

Usiku ule nililala vibaya kuliko gari. Kesho yake kulikuwa na ile baridi ya Julai ya Arusha, ukungu mpaka getini, na saa kumi na mbili kasorobo amekaa nje kwenye jiwe. Akagusa tena boneti: barafu. Akaniambia niwashe mwenyewe. Taa ya chungwa ya kupashia ikawaka, ikazima, nikapiga stata; ikaguna mara mbili ikashika, moshi mweupe, kisha ikatulia kwenye ule mlio wake wa kusaga karanga. Nikampisha kwenye usukani, nikakaa pembeni. Gia ya kwanza ikaingia. Ya pili: graaaa.

Alinitazama. Nikamtazama. Akarudisha ya kwanza, akaivuta mpaka ikalia, akaruka moja kwa moja hadi ya tatu, akaiacha ijikokote hadi ikakubali. Ndivyo ninavyofanya mimi kila asubuhi. Hakuna aliyemfundisha. Tulikwenda hivyo hadi barabara kubwa bila kusemezana, na tuliporudi gia ilikuwa imeshapata moto, akaijaribu ya pili, ikaingia, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepata jibu la kitendawili.

Kisha akaingia chini. Alilala chali juu ya gunia, akaanza kugonga chesisi kwa ile nyundo kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya shibiri moja. Chuma kizima kinajibu: ng'ing', ng'ing', mlio mkavu unaokwenda mbali. Akafika nyuma ya tenki la mafuta, mlio ukabadilika ukawa pu, kama unagonga boga. Akaweka alama ya chaki. Akaendelea, pu, pu, hadi mwisho, akaweka nyingine. Upande wa pili vilevile. Akapima kwa shibiri kati ya alama. "Tatu kulia, mbili na nusu kushoto," akasema kutoka chini. "Umeandika nyuma imeoza. Ni kweli, ni nyuma tu." Akatoka na brashi ya waya, akakwangua matope kwenye chesisi ya mbele kulia mpaka namba zikaonekana, akaniomba kadi, akazisoma moja moja kwa sauti kuanzia SAL, kidole kwenye chuma, jicho kwenye karatasi. Nimeuza dawa kwa madaktari wasiosoma lebo kwa makini hivyo.

Swali lake pekee kuhusu injini lilikuwa moja: "Haina kompyuta?" Nikamwonyesha. 300Tdi pampu yake ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Kuna waya mmoja tu wa kufungulia mafuta, ukiwa na umeme, injini inakwenda. Zilizofuata, kuanzia mwaka 1998, ndizo zina kompyuta ya kupimia mafuta, na kompyuta ikigoma huko kwao fundi atafika na nini? Yeye anataka gari ya kubebea maji, mahindi, na ndama mgonjwa ikibidi. Goti la dereva likilowa halimhusu. "Mvua yenyewe iko wapi," akasema.

Nikamletea daftari. Ni lile la dukani, upande mmoja madeni ya dawa, upande wa pili gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei, tangu mwaka 2007. Alilifungua akiwa amesimama, akapiga picha kurasa zote kwa simu, hata za madeni kwa bahati mbaya, nikamwomba azifute hizo maana mle mna majina ya wajomba zake.

Akatoa bei: milioni 18 na nusu. Nikashuka hadi 22. Tukavutana kistaarabu, chai ikaletwa, tukafika 20 na nusu, nikadhani tumemaliza.

"Toa moja ya gia," akasema.

"Chesisi iliyooza hukuitolea milioni, unaitolea gia?"

"Chesisi uliiandika, yeyo. Nilitoka nyumbani nikiwa nimeshaihesabu. Gia nimeikuta hapa."

Barazani hakukusikika hata kikohozi. Milioni 19 na nusu.

Karatasi hazikuwa na shida, ila zinataka utulivu. Kwa kuwa iliwahi kuwa ya DFP, niliweka mbele risiti za kodi nilizolipa nilipoinunua, kwa sababu gari iliyoingia kwa msamaha na ikauzwa bila kulipiwa ni jipu litakalompasukia mwingine. Mjomba wake aliyekuja kuwa shahidi aliuliza "rodi laisensi" inadai miaka mingapi. Nikamkumbusha ile ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikahamia kwenye mafuta. Faini za barabarani niliangalia kwa namba ya gari, nikakuta moja ya 30,000 na nyongeza yake ya kuchelewa, ya ile taa ya nyuma, nikalipa. Kwa wakili tukapeana mkataba, picha, nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za TIN, mashahidi wawili. Nilisisitiza iandikwe tarehe na saa ya kukabidhiana: saa nane na dakika ishirini mchana. Wakili akauliza dakika za nini. Nikamwambia kamera na trafiki wanaandika dakika, na mpaka kadi ibadilike jina pale TRA, faini zinamtafuta aliye kwenye kadi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya kadi mpya, yenye jina lake.

Siku ile ya kukabidhiana aliondoka na ufunguo mmoja, jeki, daftari nililolikata nusu, na kigogo. Kigogo alikiomba mwenyewe. Alikuwa amekiona chini ya kiti siku ya kwanza, kabla hata ya kugusa boneti.

Jioni hiyohiyo dalali akagonga geti. Amepata habari gari imeuzwa, amefuata chake. Nikamuuliza chake kipi, wakati mnunuzi alikuja na tangazo langu, lile lililoua gari.

"Mama, juzi hapa alipotea njia pale kona ya kwanza. Nani alimwonyesha nyumba?"

"Wewe?"

"Kwa kidole hiki."

Nikampa elfu kumi. Akazikunja, hakuondoka, macho yake yakapita juu ya bega langu hadi uani, kwenye ile sehemu iliyobaki wazi na kuku wanaotafuta pa kutagia, akaliona tenki la maji la lita elfu mbili lililopasuka pembeni.

"Na lile tenki, mama? Si ni matengenezo kidogo tu?"